Kisima cha Babake Mbeyu

Mliokuwa nami juma lililopita mnajua tulikoachana: mimi, mume wangu Jacktone na godoro moja, tumeshushwa kwenye kiwanja chetu cha Shika Adabu baada ya kufukuzwa nyumba ya kupanga kule Magongo. Kwa asiyejua, jina langu ni Rispa. Kiwanja chetu cha kwanza, cha Kisauni, tuliuziwa na tapeli, kikatokea kina wenyewe watatu. Kisha Jacktone akaangukiwa na mzigo bandarini, mgongo ukaharibika, akawa mtu wa kutembelea gongo. Fidia yake yote tukaitia kwenye hiki kipande cha Likoni. Hatukuwa na kingine duniani.

Nayataja haya mapema mjue nilikuwa mwoga kiasi gani. Msinihurumie. Mkifika mwisho wa haya ya leo, huruma hiyo mtataka mrudishiwe.

Jumatatu asubuhi mafundi walianza kuchimba msingi. Walikuwa watatu, na mkubwa wao akiitwa Dancun, mtu mzima mwenye wake na watoto, tuliyejuana naye tangu Magongo. Yapata saa nne sururu yake ikalia ngo! kwenye pembe ya jikoni.

"Mama, hapa kuna jiwe."

"Livunje."

"Si jiwe moja. Yamepangwa. Yanazunguka."

Wakapangua udongo. Mawe ya matumbawe yalijitokeza, yamechongwa na kupangwa mviringo kama bangili. Katikati udongo ulikuwa laini, unachimbika kama unga. Wakachimba. Kufikia alasiri walikuwa wameshuka kina cha watu wawili, na tope likaanza kutoa maji. Dancun akachota kwa kiganja, akaonja.

"Matamu, mama! Hayana chumvi hata chembe!"

Mjue kwamba huko kwetu mfereji hutoa maji Alhamisi, nao ukikumbuka. Siku nyingine unangoja mwenye mkokoteni akuletee mitungi. Jacktone alicheka. Tangu aumie sikuwa nimemsikia akicheka.

"Rispa," akasema, "jiko tutalisogeza. Mungu ametuona."

Nami nikaamini tumeonwa. Kwa siku moja.

Jumanne asubuhi akaja Mama Mbeyu.

Huyu alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya kijia, mjane wa miaka sabini na kitu, anakaa peke yake kwenye kijumba cha udongo na makuti. Siku ile tuliyoshushwa na godoro letu, yeye ndiye aliyevuka na sufuria ya mihogo, akatuwekea, asiulize tumetoka wapi wala kwa nini tunalia. Kila jioni alikuja kumkanda Jacktone mgongo kwa mafuta ya nazi. Jacktone alimwita mama, na hakuwa akifanya mzaha.

Alipofika kwenye shimo alivua kandambili. Akazunguka lile duara la mawe, mkono ukiyagusa moja moja. Akazunguka tena. Mara ya tatu akasimama, akainama, akasema na giza la mle ndani:

"Baba, ni mimi, Mbeyu. Shikamoo. Wamekifunua kisima chako."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Nililisikia kila neno.

Kisha akatugeukia, macho yamejaa maji, anatabasamu.

"Hiki alikichimba babangu kwa mikono yake. Mimi nikibeba udongo kwa kikapu, mtoto mdogo. Alipokufa, kaka yangu akakifukia, ati watoto wataingia."

"Kwani shamba hili lilikuwa la baba yako?" nikamuuliza.

"La babangu, naam. Nzai hakukwambia?"

Nzai ndiye aliyetuuzia kiwanja. Alitwambia ni chake, amerithi, hakina mwingine.

"Nzai ni mtoto wa huyo kaka yangu," Mama Mbeyu akaendelea. "Mimi alinambia anauza kile kipande cha nyuma kule, chake. Kumbe ni hiki! Ah, Nzai naye." Akatikisa kichwa kama mtu anayemcheka mtoto mtundu. "Sina neno nanyi, mwanangu. Mmeshakaa, kaeni. Nawaomba tu kisima msikifukie, na mimi mnipe ndoo moja kwa siku."

"Ndoo kumi, mama," Jacktone akamjibu.

"Moja yanitosha. Na siku moja nitakuleteeni hati muione. Ninayo sandukuni. Babangu hakujua kuandika, alitia dole gumba. Lile dole ndilo picha yake niliyobaki nayo."

Jacktone alisikia habari ya dole gumba. Mimi nilisikia neno hati.

 Niliiona Kisauni ikirudi. Niliona karani wa ardhi amekaa mezani, ananiuliza tena, "Mama, uliyemlipa ni nani hasa?"

Mama Mbeyu alipoondoka, nilizunguka nyuma ya kibanda chetu cha mabati nikampigia Nzai.

"Bwana Nzai, shangazi yako ana hati."

"Hati gani?"

"Ya baba yake. Ya kiwanja ulichotuuzia."

 Nikasikia pikipiki zikipita huko aliko.

"Amesema ataipeleka wapi?"

Hakuwa amesema ataipeleka popote. Ningemjibu hivyo, mambo yangeishia hapo.

"Kwa chifu, nadhani," nikasema.

Neno chifu nililitia mimi.

"Sawa, mama," Nzai akasema, sauti laini kabisa. "Usihangaike. Niachie mimi."

Nikamwachia.

Jumatano asubuhi mafundi waliondoa bati tulilofunikia mdomo wa kisima. Dancun akateremka kwa ngazi na karai na chepe lake. Hakukaa hata dakika moja. Alipanda mbio, chepe mkononi, na juu ya chepe pana kitu.

Kilikuwa kibuyu kidogo kilichoviringwa kaniki, kikafungwa kitambaa chekundu, na kamba ndefu imebaki nacho. Kwenye mdomo wa kibuyu palichomekwa nywele na sindano.

Fundi mmoja alitupa sururu akaruka mtaro. "Mimi hapa sichimbi tena! Hata mnipe nini!"

Mwenzake akamfuata. Mayowe yao yakaita watu. Kufumba na kufumbua kiwanja kilijaa, wanawake wamejishika vichwa, vijana wananyoosha simu kupiga picha.

Nzai naye akatokea. Sikuwa nimemwita. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Dancun akanivuta kando.

"Mama, jana jioni nililisafisha lile shimo mimi mwenyewe mpaka chini. Hapakuwa na kitu. Hebu tazama hiyo kamba."

Nikatazama. Kibuyu kilikuwa kimeteremshwa kwa kamba ya nailoni, rangi ya buluu, ile inayoning'inia kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Ncha zake zilichomwa kwa moto zisifumuke. Bado ilikuwa inang'aa. Kaniki yenyewe haikuwa na tope ila kwa chini, pale ilipokalia maji.

"Nimeona," nikamwambia.

"Basi waambie."

"Dancun, wewe ulikuja kuchimba msingi."

Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akaokota pima maji yake, akakunja uzi wa kupimia, akaenda zake bila kuaga. Sijamwona tena hadi leo.

Nzai alisimama juu ya rundo la udongo, shati limenyooshwa, viatu havina vumbi.

"Jamani, tusimsingizie mtu," akasema. "Tuulize kwa utaratibu. Tangu kisima hiki kifunuliwe, ni nani amekikaribia asiyekuwa fundi?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Mwenye kiwanja. Mgeni, mtu wa bara, asiye na ugomvi na mtu wa pale. Ushahidi wangu ungekuwa mzito kuliko wa yeyote.

Nikaufungua mdomo.

"Mama Mbeyu. Alikuja jana. Akavua viatu. Akazunguka mara tatu. Akainama akasema na shimo."

Kila neno lilikuwa la kweli. Mngeniapisha madhabahuni ningeyarudia yale yale.

"Alisema nini?" Nzai akauliza.

"Sikusikia vizuri."

Hapo ndipo nilipomuua, au nilipoanza kumuua.

Mama mmoja aliyezika mtoto mwezi uliopita alipiga ukelele: "Nilijua mimi! Alikuja kunipa pole kwa macho makavu!" Mwanamume mmoja akakumbuka mbuzi zake. Mwingine akakumbuka mguu wake. Ndani ya robo saa hapakuwa na msiba Shika Adabu nzima ambao Mbeyu hakuuleta.

Jacktone alikuwa mlangoni mwa kibanda, ameegemea gongo.

"Rispa, umesema nini?"

"Nimesema nilichoona."

"Waambie na ulichosikia. Ulikuwa karibu kuliko mimi. Waambie alikuwa akimwamkia baba yake."

Niligeuza uso.

Akajaribu mwenyewe. "Jamani, nisikilizeni! Huyu mama..."

"Mzee," Nzai akamkata, "si yeye anayekukanda kila jioni? Tangu akukande, umepona?"

Watu wakaangua kicheko. Jacktone akasimama pale, kicheko kikimpiga usoni. Mimi mkewe nilitazama chini.

Watu walipoanza kumiminika kwenda dukani kwenye barabara kubwa, kuwaita vijana wengine, nami nilikwenda nao. Nzai alinitaka niwe karibu, nirudie maneno yangu kwa kila anayefika. Nikayarudia. Mara tano, mara sita. Kila nilipoyarudia yalizidi kunyooka.

Nilipogeuka kuangalia nyuma sikumwona Jacktone. Nikajua amenikasirikia, ameondoka. Nikasema moyoni, atarudi, hana pa kwenda.

Saa saba mchana walikwenda kwa Mbeyu. Walikuwa kama thelathini, wengine na marungu, mmoja na kidumu cha petroli. Sikubaki nyuma. Ningeweza kuwadanganya kwamba nilikwenda kuwazuia.

Mlango ulikuwa wazi. Sufuria ilikuwa mekoni, maharagwe yanachemka. Mwenyewe hayupo.

"Amekimbia! Angekuwa safi angekimbia?"

Nzai aliwatangulia wote kuingia ndani. Alitoka na sanduku dogo la bati, akalifungua hadharani, akalipindua. Zikaanguka leso mbili, kitabu cha nyimbo za kanisani, miwani iliyofungwa uzi, na bahasha ya kaki. Watu walikuwa wanatafuta vibuyu. Bahasha hawakuwa na haja nayo.

Nzai aliiokota. Akaipachika kwenye makuti ya paa, pale chini kwenye ukingo, kama mtu anayepachika barua kwenye mlango. Akaomba kiberiti. Akawashia pale pale.

Niliona karatasi ikijikunja. Pengine nililiona na lile dole gumba, pengine ni macho yangu tu. Moto ukapanda paani, vijana wakashangilia, na mimi, mtoto wa mchungaji, nilipumua. Naapa nilipumua. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua kilifunguka. Kiwanja kilikuwa chetu.

"Bado kisima," kijana mmoja akasema. "Kikibaki wazi atarudi."

"Kifukiwe leo leo!"

"Mama," Nzai akanigeukia, "ni kwako. Wasemaje?"

"Kifukieni," nikasema.

Akapiga simu. Hata nusu saa haikupita, lori la tipa lilikuja limejaa kifusi, mabonge ya saruji na mawe ya nyumba iliyobomolewa. Ninavyokumbuka sasa, kuna jambo lililonipita. Tangu mlango ule ukutwe wazi, kila mtu alikuwa akiuliza Mbeyu ameelekea wapi. Nzai hakuuliza hata mara moja.

Tulirudi kiwanjani. Bati lilikuwa limefunika mdomo wa kisima. Ngazi ilikuwa imelazwa kando ya kibanda. Nikadhani mafundi ndio walioitoa.

"Tuondoe bati kwanza," mtu akasema.

"Asikaribie mtu!" Nzai akafoka. "Asichungulie mtu! Mnajua mna nini mle? Kifusi chenyewe kitalisukuma."

Hakuna aliyetaka kukaribia. Wakarudi nyuma wote. Utingo wa lori naye akagoma kushuka. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Sasa nani ataniongoza?"

"Mimi," nikasema.

Nikasimama nyuma ya lori, upande ambao kioo chake kinaniona, nikainua mkono. "Njoo. Njoo. Kata kushoto. Njoo."

Simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa imetetemeka tangu kule kwa Mbeyu. Jacktone. Nilijua anachotaka kuniambia, kwa hiyo nilikuwa nikiikata. Mara tatu niliikata.

"Njoo. Njoo. Hapo!"

Lori likasimama, matairi ya nyuma hatua chache kutoka kwenye bati. Dereva akaanza kuinua bodi yenye kifusi. Simu ikatetemeka tena. Nikasema nimalizane naye.

"Unataka nini?"

"Rispa, mbona hushiki simu!" Alikuwa anahema. "Sikiliza. Niko kituoni, nimepata askari wawili, tunakuja. Mama Mbeyu yuko salama."

"Yuko wapi?"

"Niliwatangulia hao watu. Nikamteremsha kisimani."

Nikageuka kulitazama bati.

"Hakuna mahali pengine, Rispa. Wanaogopa kuchungulia mle. Ngazi nimeitoa. Nimemwambia akae kimya, aite aitaye, asimjibu mtu ila mimi au wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nilimwambia mke wangu ulimi tu ulimteleza, si mtu mbaya. Akasema anajua."

Bodi ilikuwa imefika nusu. Bonge la kwanza lilibiringika, likagonga bati, bati likalia kama ngoma. La pili. La tatu. Bati likabonyea katikati.

"Simama!" nikapiga kelele. Injini ikaimeza sauti yangu. "Simama!"

Nilikimbia. Nilijitupa juu ya ukingo wa mawe. Jiwe likanipiga begani, jingine mgongoni, nikashika ncha ya bati nikavuta kwa nguvu zangu zote, mikono ikichanika. Dereva aliniona kiooni. Bodi ikasita. Injini ikazimwa.

Kukawa kimya. Vumbi la saruji lilikuwa likishuka taratibu mle shimoni, jeupe, na sikuona kitu.

Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu thelathini na marungu yao. Nzai alikuwa ameshasogea, viatu vyake viko karibu na mkono wangu. Ningekuwa na akili ningenyamaza. Ningesema bati ni langu, ningesema pete yangu imeanguka, ningesema neno lolote, mimi ambaye siku nzima maneno hayakunipungukia. Lakini akilini nilikuwa nimemwona amelala chini ya mabonge yale, na sikufikiri.

"Mama Mbeyu!" nikaita. "Mama Mbeyu!"

Nikatega sikio juu ya mawe.

Kisha nikasikia maji yakichezwa na miguu, kikohozi kidogo, na sauti ya mtu anayejitahidi isitetemeke mbele ya mwenziwe.

"Abee, mwanangu," akajibu kutoka chini. "Wameshaondoka?"